Mhakiki Alikuwa Marehemu, Muswada Ukaibwa

Mwishoni mwa miaka ya 1970, jarida la European Journal of Cancer lilipokea muswada wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Kama ilivyo desturi, wahariri waliupeleka kwa mtaalamu aukague, daktari wa hospitali ya saratani ya M.D. Anderson, mjini Houston. Hawakujua kwamba daktari huyo alikwisha fariki. Muswada ukaangukia mikononi mwa Elias Alsabti, tabibu kijana kutoka Iraq aliyekuwa akifanya utafiti hapo. Akauchapa upya, akaweka jina lake na la waandishi wenza wa kubuni, kisha akautuma kwenye jarida moja la Japani. Ukatoka kabla ya ule wa mwenyewe.

Hiyo haikuwa hila yake pekee. Alizoea kuchukua makala zilizokwisha chapishwa, kuzinakili karibu neno kwa neno na kuzipeleka kwenye majarida yenye wasomaji wachache. Kwa njia hiyo alijikusanyia makumi ya makala. Maabara iliyomshtukia ilimtoa bila kelele, naye akapokelewa kwingine. Aliumbuliwa hadharani mwaka 1980, habari zake zilipoandikwa katika Science, Nature na The Lancet.

Wakati huo wahariri hawakuwa na utaratibu wa pamoja wa kushughulikia wizi wa maandishi. Mwaka 1997, wahariri wachache wa majarida ya tiba Uingereza waliunda kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE. Mwongozo wake unamtaka mhariri alinganishe maandishi mawili, amwandikie mtuhumiwa ajieleze, na asiporidhika awasiliane na taasisi yake. Wizi ukithibitika, makala hubatilishwa kwa tangazo linaloonekana na kila msomaji.

Mwaka 2008 ikaja mashine. Crossref, umoja wa wachapishaji, ulianzisha CrossCheck, huduma inayolinganisha muswada mpya na hazina kubwa ya makala za wachapishaji mbalimbali. Makala nyingi za Alsabti zingenaswa hapo papo hapo.

Lakini si ule muswada wa Kansas. Ulikuwa haujachapishwa, kwa hiyo hazina isingekuwa nao. Tena kwa kuwa nakala ya mwizi ilitangulia kutoka, mashine ingemnyooshea kidole mwenye mali. Programu huonyesha maneno yanayofanana. Haijui nani aliyaandika kwanza, wala asilimia inayotoa si hukumu. Kazi ya kuuliza, kudai ushahidi na kuamua imebaki kwa mhariri.

Mtafiti, tunza rasimu zako zenye tarehe, pamoja na barua zote za jarida. Nanyi wakuu wa vyuo, mkimkamata mwizi wa maandishi, msimwondoe kimyakimya. Alsabti alihama kutoka maabara hadi maabara kwa sababu kila aliyemfukuza alinyamaza.