Bunduki ya Kwanza Inakula Nini?

Sisi tunaoandika habari za mahakamani na za majangili tuna sentensi moja ambayo haituishi: mtuhumiwa alikutwa na silaha aina ya gobori. Mimi nimeiandika mara nyingi mpaka vidole vinaijua vyenyewe. Msomaji wa gazeti naye haulizi. Anajua ni bunduki ya kienyeji, ya kushindiliwa kwa mbele, pengine imetengenezwa na fundi wa kijijini kwa kipande cha bomba. Lakini gobori ni neno lenye umri. Kabla halijawa kielelezo namba moja mezani kwa hakimu, lilikuwa mojawapo ya majibu ya swali lililowasumbua watemi, wafalme na wafanyabiashara wa ukanda huu karne nzima ya 19: nikitaka kuanza kumiliki bunduki, nianze na ipi?

Swali hilo leo linaulizwa dukani, na muuzaji anajibu kwa kutaja chapa na bei. Wazee wetu walilijibu kwa namna nyingine, na jibu lao limebaki ndani ya lugha. Hebu tazama kamusi za zamani za Kiswahili. Utakuta bunduki ya mrao, yaani ile inayowashwa kwa utambi. Utakuta bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake likigonga chuma linatoa cheche. Utakuta bunduki ya fataki, yenye kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa. Mwisho utakuta bunduki ya viasi, ambayo baruti, risasi na fataki vimefungwa pamoja kama pipi na kutiwa kwa nyuma.

Angalia majina hayo vizuri. Hakuna linalotaja nchi, kiwanda wala uzuri wa kitako. Kila jina linataja kitu ambacho bunduki lazima ilishwe ndipo ilie. Waliozipa majina walijua kwamba kununua bunduki ni jambo la siku moja, na kuilisha ni jambo la maisha.

Hata maneno yenyewe yanaonyesha chakula hicho kilikotoka. Risasi na baruti tumeyapata kwa Waarabu. Bunduki pia, na huko Uarabuni mzizi wake, bunduq, ni aina ya kokwa, baadaye kikawa kidonge cha kurushwa. Fataki ina asili ya Kihindi. Ni mzinga tu ndio tuliokuwa nao nyumbani: gogo lililotobolewa likatundikwa mtini kusubiri nyuki. Mtu wa pwani alipouona mtutu mnene unaotoa moshi na mngurumo, akaona ni jamaa yake mzinga wa asali.

Sasa tujiweke katika nafasi ya mtemi wa bara, tuseme miaka ya 1860. Una pembe za ndovu ghalani, msafara umepiga kambi, na mfanyabiashara anakufungulia kasha. Cha kwanza atakachokuonyesha ni gumegume. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki, unatia baruti kidogo pembeni, unavuta mtambo, unalenga. Askari aliyefundwa vizuri anapiga mara mbili au tatu kwa dakika. Mvua ikinyesha, umekwisha. Mtutu hauna mikunjo ndani, kwa hiyo risasi inakwenda inakotaka ukishavuka hatua mia.

Ni silaha duni? Ngoja kwanza. Risasi ikikuishia, unatia vipande vya chuma, hata vijiwe. Jiwe likilika, unatafuta lingine. Kitako kikivunjika, seremala yupo. Mtambo ukilegea, mhunzi anajaribu. Kitu kimoja tu kinakufunga, nacho ni baruti. Hata hiyo, mwenye makaa, kibiriti na shura anaweza kuihangaikia mwenyewe, ingawa itakuwa dhaifu kuliko ya dukani.

Bunduki ya fataki ni bora. Haiogopi manyunyu na haikawii kulia. Lakini fataki inatoka kiwandani. Siku zikikwisha, unabaki na rungu la bei ghali. Ya viasi ni bora kupita zote: Snider ya Waingereza ya 1866, kisha Martini-Henry ya 1871, ziliweza kupiga risasi kama kumi au zaidi kwa dakika. Ila kiasi chenyewe ni kazi ya mashine. Kila risasi unayopiga inakurudisha kwa aliyekuuzia.

Huo ndio mtego, na kila aliyeuona aliutatua kwa njia yake.

Bidhaa haikukosekana. Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliwapiga Waaustria kwa bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, na majeshi ya Ulaya yote yakaanza kubadilisha silaha kwa pupa. Zilizopitwa na wakati zilihitaji mnunuzi. Mafundi wa Birmingham na Liège walikwishazoea kutengeneza bunduki za bei rahisi kwa soko la Afrika. Sasa zikaongezeka za mitumba kutoka maghala ya majeshi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kupitia pwani yetu kila mwaka. Malipo yake tunayajua, tusijifiche: pembe za ndovu, na watu. Bunduki ilimpata mateka, mateka akabeba pembe, pembe ikanunua bunduki.

Hakuna aliyelielewa duara hilo kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Simulizi ya maisha yake, aliyoiandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na Heinrich Brode akaitoa kwa herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mtu kujisimulia katika lugha yetu. Jina lake la utani, Tippu Tip, wengine walisema lilitokana na kupepesa macho. Yeye mwenyewe alilihusisha na mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu wa bara baada ya vita na Nsama, mtawala wa Itabwa. Nikiisoma sentensi ile kama msomaji wa fasihi, naona fahari ya mwandishi. Nikiisoma tena, nasikia watu ambao hawakuandika kitabu, wakimpa mtu jina la kile kilichowaua.

Mirambo wa Unyamwezi alikuwa upande mwingine wa biashara hiyo. Kuanzia 1871 alipigana kwa miaka kadhaa na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara, na Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akajikuta ameingia vitani na kukimbia pamoja na walioshindwa. Rugaruga wa Mirambo walikuwa na magobori na mikuki, na mbio zao ndizo zilizotisha zaidi ya mitutu yao. Lakini itazame ramani. Baruti ilitoka pwani, na njia kuu ya kutoka pwani ilipita Tabora kwa maadui zake. Mtu anayemtegemea adui kwa chakula cha bunduki hawezi kuchagua bunduki inayokula sana. Gobori halikuwa ushamba wa Mirambo. Lilikuwa hesabu.

Kaskazini zaidi kuna kisa ambacho sisi wapenda vitabu tunapaswa kukijua, maana muuzaji wake alikuwa mshairi. Arthur Rimbaud, Mfaransa aliyegeuza ushairi wa lugha yake kabla hajafika umri wa miaka 21 kisha akaachana nao moja kwa moja, mwaka 1885 aliingia ubia wa kumpelekea bunduki Menelik, mfalme wa Shewa. Barua zake kwa familia hazina hata chembe ya ushairi. Anaeleza biashara: bunduki kuukuu za fataki, zilizopitwa na wakati kwa miaka arobaini, unazipata Liège au Ufaransa kwa faranga 7 au 8, unamuuzia mfalme kwa 40. Hesabu tamu, bwana.

Mbia wake Labatut akafa. Msafara ukakwama Tadjoura karibu mwaka mzima. Rimbaud alipoingia Shewa mwaka 1887 na bunduki 2,040 na viasi 60,000 vya Remington, Menelik alikuwa ametoka kuuteka mji wa Harar. Mfalme aliikagua mali, akashusha bei, akakata madeni ya marehemu Labatut, na sehemu ya malipo akamwandikia hati ya kwenda kudai kwa Makonnen huko Harar. Mshairi akatoka analalamika kwamba safari nzima imemtia hasara. Aliyekuja kumuuzia mjinga takataka alikuta mjinga hayupo nyumbani.

Menelik alikuwa mnunuzi wa aina yake. Hakudharau kuukuu, kwa sababu bunduki kuukuu ilimtosha askari wa ngazi ya chini. Lakini tazama shehena ile: bunduki ni za fataki, viasi ni vya Remington. Maana yake bunduki bora zilikwisha kuwapo nchini, na zilihitaji kula. Vita vya Gundet na Gura, 1875 na 1876, viliwaachia Wahabeshi Remington za jeshi la Misri. Menelik akaongeza kwa kununua popote palipouzwa: kwa Wafaransa, kwa Warusi, hata kwa Waitaliano ambao walimpa silaha na risasi wakidhani wanamfunga kamba shingoni. Siri yake ilikuwa hiyo: alikuwa na wauzaji wengi, na wauzaji hao hawakupendana. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, Waitaliano waliziona silaha zao zikiwatazama. Kwa miaka mingi baadaye, kiasi cha bunduki ya Gras kilitumika kama chenji katika masoko ya Ethiopia, pamoja na mabale ya chumvi. Nchi iliyofanya chakula cha bunduki kuwa pesa ilikuwa imelielewa swali.

Mkwawa hakuwa na bahati ya kuzungukwa na wauzaji wanaogombana. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, kwa mikuki zaidi kuliko kwa risasi, na wakabeba bunduki takribani 300. Usiku mmoja mtawala akawa na mkusanyiko ambao mfanyabiashara asingethubutu kumuuzia. Lakini kila kiasi kilichopigwa hakikuwa na mwenzake wa kukirithi. Kiwanda kilikuwa Ujerumani, na mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa njiani kuja kulipiza. Kalenga ikaanguka 1894. Mkwawa alipigana porini mpaka Julai 1898, akajiua kwa risasi asikamatwe.

Wazungu nao walilijua swali letu, tena waliliandika kisheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao tunafundishwa kuwa ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, uliweka pia vizuizi vya silaha kwa sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki zenye mikunjo ndani ya mtutu, za kisasa, zilizuiwa. Palipobaki mwanya wa kuwauzia wenyeji, ulikuwa wa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Yaani wakati huo huo ambapo askari wa kikoloni walikuwa wakipewa za viasi na mizinga ya kumimina risasi, mnunuzi Mwafrika alichaguliwa bunduki ya babu yake. Biashara ya watumwa ilihitaji kukomeshwa, hilo halina mjadala. Lakini ndani ya wema huo kulikuwa na mkono mwingine unaofunga ghala.

Ndiyo maana naielewa kwa namna tofauti dawa ya mwaka 1905. Tumezoea kuifundisha Maji Maji kama habari ya imani, na Ebrahim Hussein ametuachia tamthilia ya *Kinjeketile* inayotulazimisha kuuliza maswali magumu kuhusu imani hiyo. Mimi naongeza moja dogo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakuwaahidi watu bunduki. Hakuahidi kwamba mitutu ya Wajerumani itapinda. Ahadi iliyoenea kusini nzima ilikuwa kwamba risasi zitageuka maji. Baada ya miaka hamsini ya kuhangaikia baruti, fataki na viasi, watu waliokuwa na mikuki na magobori machache walilenga palepale ambapo kila mtemi aliyewahi kununua bunduki alijua ndipo uhai wake ulipo. Walitaka kuinyima chakula.

Haikuwa hivyo. Mahenge, mwishoni mwa Agosti mwaka ule, risasi zilibaki risasi, na njaa iliyofuata ikawageukia watu.