Ujazo pungufu wa diski

Ujazo pungufu wa diski ni tofauti kati ya nafasi iliyoandikwa kwenye boksi au lebo ya kifaa cha kuhifadhia data na nafasi inayosomeka kwenye kompyuta. Diski ya gigabaiti (GB) 500 husomeka 465, ya 256 husomeka 238, na kadi ya simu ya 32 husomeka 29 na pointi. Mkazi wa Gongo la Mboto, wilayani Ilala, aliyenunua laptopu iliyotumika Kariakoo huiona tofauti hiyo akishafika nyumbani na kuiwasha, au siku anapoichukua kwa fundi aliyempigia Windows upya. Anayeshukiwa kwanza ni fundi, kwamba ametoa diski kubwa akaweka ndogo. Kwa namba kama hizo za juu, fundi hana kosa lolote, na kumvunjia heshima kwa hesabu asiyoifanya yeye ni dhuluma.

Chanzo ni vipimo viwili vinavyotumia jina moja. Mtengenezaji wa diski huhesabu kwa kumi: kilobaiti ni baiti 1,000, megabaiti ni milioni moja, gigabaiti ni bilioni moja. Kwa hiyo diski ya GB 500 ina baiti 500,000,000,000, na kweli zimo. Windows nayo huhesabu kwa mbili, kwa kuwa anwani za kumbukumbu ya kompyuta hupangwa kwa vipeo vya mbili, na kipeo kilicho karibu zaidi na elfu moja ni 1,024. Huzigawa baiti hizo kwa 1,024 mara tatu, ikapata 465.66, kisha ikaandika alama ileile ya GB. Asiyeamini abonyeze kitufe cha kulia cha mausi juu ya diski na kufungua sifa zake: idadi kamili ya baiti huandikwa pembeni ya gigabaiti, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na lebo. Kwa haraka, zidisha namba ya GB ya boksi kwa 0.93.

Pengo hukua kadiri kipimo kinavyopanda. Kwenye kilobaiti upungufu ni kama asilimia 2.3, kwenye gigabaiti karibu 7, kwenye terabaiti 9. Enzi za disketi hakuna aliyelijali. Leo diski ya terabaiti 4 inayofungwa kwenye mfumo wa kamera za ulinzi wa duka husomeka 3.63 katika Windows, na mwenye duka huona kama amepoteza fedha nyingi.

Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) ilijaribu kuondoa utata kwa kuvipa vipimo vya 1,024 majina yake: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Linux huyatumia katika programu zake nyingi. Apple ilichagua njia nyingine mwaka 2009, ikaanza kuhesabu kwa kumi kama watengenezaji wa diski, ndiyo maana diski moja husomeka 500 kwenye Mac na 465 kwenye Windows. Nchini Marekani wateja walifika mahakamani, na kesi dhidi ya Western Digital na Seagate zilimalizwa kwa maelewano mwaka 2006 na 2007. Lebo za diski hazikuwa na uongo wa kihesabu. Kinachostahili kurekebishwa ni Windows kuendelea kuandika GB pale ilipohesabu gibibaiti.

Upungufu unaozidi asilimia hizo una sababu nyingine, na hapa ndipo fundi anapaswa kuulizwa. Akinakili mfumo mzima kutoka diski ya 250 kwenda diski mpya ya 500, nusu ya diski mpya inaweza kubaki haijagawiwa. Ipo ila haina herufi ya kuifungulia, na huonekana kwenye zana ya Windows ya kusimamia diski. Laptopu nyingi pia hutoka kiwandani na sehemu iliyofichwa ya kurejeshea mfumo. Diski inayozidi terabaiti 2 ikigawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR hukomea hapo, hadi igawanywe kwa mtindo mpya wa GPT.

Mara nyingine ujazo wote huonekana lakini umejaa bila sababu inayojulikana. Windows huweka faili la kulaza mashine, faili la kusaidia kumbukumbu, nakala za kurejesha hali ya awali, na baada ya kupandishwa toleo huacha folda ya mfumo wa zamani. Kwenye flashi zinazopita mashine nyingi za stesheneri kuna virusi vinavyoficha folda za mwenyewe na kuweka njia za mkato mahali pake. Mtu hufikiri kazi zake zimefutika huku nafasi bado imeliwa. Asifomati! Folda zimo, na amri ya attrib huzirudisha hadharani. Virusi vyenyewe visafishwe kwa programu yake.

Yote hayo yatofautishwe na flashi feki, ambayo ni wizi halisi. Hii haionyeshi pungufu hata kidogo. Chipu ya gigabaiti 8 huandikiwa programu ya ndani inayoiambia kompyuta kwamba ni ya terabaiti 1, na kompyuta huamini. Faili za kwanza hukaa vizuri. Nafasi ya kweli ikiisha, zinazofuata hupotea au huandikwa juu ya zilizotangulia, na video ya harusi hugoma kufunguka wakati jina lake bado lipo. Kipimo cha uhakika ni kuijaza flashi yote na kuisoma tena, kazi inayofanywa na programu za bure H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Flashi kubwa huchukua saa nyingi kupimwa, hivyo ipimwe siku ileile iliyonunuliwa, risiti ikiwa mkononi, kabla haijabeba picha za mtu. Nchini Tanzania bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.