Kenya ilivyofundisha dunia hesabu za barabara

Barabara kuu itokayo Athi River hadi Namanga, yenye urefu wa takriban kilomita 135, hupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil kabla ya kufika mpakani. Wanaoitumia kila siku huijua kwa misongamano ya asubuhi pale Kitengela na kwa malori yasiyokwisha. Ni wachache wanaofahamu kwamba hesabu ambazo wahandisi hutumia kuamua barabara ya aina hii ikarabatiwe lini, kwa gharama gani, na iwapo inastahili kuwekwa lami hata kidogo, zilitokana kwa kiasi kikubwa na vipimo vilivyochukuliwa papa hapa Kenya zaidi ya nusu karne iliyopita.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, elimu ya barabara ilikuwa ya nchi tajiri. Jaribio lililotegemewa zaidi lilifanyiwa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa usiku na mchana juu ya vipande vya barabara hadi vikavunjika. Lilikuwa jaribio la maana. Hata hivyo, udongo wa Illinois huganda kwa baridi kila mwaka, na barabara zilizochunguzwa zilikuwa za lami na saruji. Halikuwa na neno lolote la kumwambia mhandisi wa Kajiado kuhusu changarawe, vumbi la kiangazi na mvua za masika.

Benki ya Dunia, iliyokuwa ikitoa mikopo mingi ya barabara kwa mataifa machanga, iliona pengo hilo. Ikaungana na maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa barabara iliyokuwa Crowthorne, inayofahamika kwa kifupi kama TRRL, pamoja na Serikali ya Kenya. Kazi ya nyanjani iliendelea kuanzia 1971 hadi 1974. Kenya ilifaa kwa sababu ndani ya mipaka yake ina pwani yenye joto, nyanda kame na milima yenye mvua nyingi. Barabara za lami na za changarawe. Na kampuni za uchukuzi zilizoweka vitabu vya hesabu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza. Vipande vya barabara viliteuliwa katika sehemu mbalimbali za nchi, kisha vikapimwa mara kwa mara kwa miaka kadhaa. Magari yalihesabiwa. Ekseli za malori ziliwekwa kwenye mizani ya kubebeka. Gurudumu maalum lilivutwa nyuma ya gari ili kurekodi kila mtikisiko, na kwa njia hiyo ubovu wa uso wa barabara ukapata tarakimu badala ya malalamiko. Nyufa zilipimwa, na kina cha mifuo iliyoachwa na magurudumu kikaandikwa. Upande wa pili, watafiti waliwaendea wenye mabasi, malori na magari madogo na kuuliza: mafuta kiasi gani, matairi mangapi, vipuri vya pesa ngapi kwa mwaka?

Ripoti zilichapishwa 1975. Ile ya kuchakaa kwa barabara iliandikwa na Hodges, Rolt na Jones. Miongoni mwa mambo iliyobainisha ni kasi ya kupotea kwa changarawe, ambayo hutegemea idadi ya magari, kiasi cha mvua, mteremko wa barabara na aina ya changarawe yenyewe, kwani ile itokanayo na mawe ya volkeno haipotei kwa kasi sawa na ile ya matumbawe ya pwani. Jambo hili laonekana dogo. Lakini barabara ya changarawe ni akiba inayopeperuka, na kabla ya hapo hakuna aliyeweza kuiambia wizara ni lini akiba hiyo itakwisha.

La uzito zaidi lilikuwa kuunganisha pande mbili za hesabu. Serikali inayoacha kukarabati barabara huonekana kuokoa fedha. Vipimo vya Kenya viliwezesha kuonyesha kwamba fedha hizo hulipwa na wengine, tena kwa ziada, kupitia mafuta, matairi, springi zilizovunjika na muda uliopotea. Kutokana na data hiyo ulitengenezwa mfumo wa kompyuta wa kupima gharama hizo kwa pamoja. Tafiti nyingine zilifuata Brazil, Karibiani na India, na matokeo yote yakakusanywa katika mfumo wa Benki ya Dunia uitwao HDM-III, uliotolewa 1987. Mrithi wake, HDM-4, alitoka mwaka 2000 na ametumika katika nchi zaidi ya 100. Programu hiyo huuzwa kwa leseni, hata kwa nchi iliyojitolea barabara zake zipimwe.

Suala la uzito wa malori lilitatuliwa polepole zaidi. Tangu jaribio la Illinois inafahamika kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sambamba na mzigo. Mzigo ukiongezeka maradufu, madhara kwa lami huwa takriban mara 16. Hivyo basi lori moja lililopakiwa kupita kiasi laweza kuharibu kuliko msururu mrefu wa magari madogo. Kwa miaka mingi kila nchi ya Afrika Mashariki ilikuwa na viwango vyake, na lori lililo halali upande mmoja wa Namanga liliweza kuwa na kosa upande wa pili. Utafiti wa kuoanisha viwango hivyo uliofadhiliwa na shirika la Japan, JICA, ulikamilika 2011. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapitisha sheria ya udhibiti wa mizigo ya magari mwaka 2013, iliyoweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu mawili kila upande, na tani 56 kwa gari zima na mzigo wake.

Barabara ya Namanga yenyewe ilijengwa upya kwa mkopo ulioidhinishwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2006, na Japan ikachangia upande wa Tanzania. Sherehe ya kuzindua njia hiyo hadi Arusha ilifanyika Novemba 2012.

Adui wake mkuu, mbali na malori, yuko chini. Sehemu kubwa ya nyanda za Athi na Kitengela imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba unaponyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi, nyufa zikatosha kumeza mguu wa ndama. Lami iliyowekwa juu yake huanza kupasuka kandokando, mahali maji yanapopenya kwanza. Dawa zinajulikana: kuuchimba na kuweka udongo mwingine, kuuchanganya na chokaa, kuziba kingo za barabara, kuyaelekeza maji mbali. Kila dawa ina bei, na swali ni barabara ipi inastahili ipi. Kwa zile za mashambani zenye magari machache, mpango wa utafiti uliofadhiliwa na Uingereza, AFCAP, ulioanza 2008, ulishirikiana na nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, kutafuta namna ya kuweka lami nyembamba kwa kutumia udongo uliopo. Awamu yake ya mwisho ilimalizika 2020.

Hata hivyo, barabara laini huleta mwendo wa kasi, na kasi huua. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, iliripoti vifo 4,324 nchini kote mwaka 2023, na wanaokwenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wahasiriwa. Katika mji kama Kitengela, uliokuwa na wakazi 154,436 katika sensa ya 2019, barabara kuu ya kimataifa ndiyo pia njia ya kwenda sokoni, shuleni na kituo cha matatu.

Hapa ndipo ulipofanyika utafiti ambao pengine ndio wenye tija kubwa zaidi kwa gharama ndogo. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, waliuliza swali rahisi: kwa nini abiria 14 hunyamaza dereva mmoja anapohatarisha maisha yao? Mwaka 2008 walianza kubandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vilivyowahimiza abiria kumkemea dereva. Matatu zilichaguliwa kwa bahati nasibu, nyingine zikaachwa bila kibandiko ili pawe na ulinganisho. Ili madereva wasivibandue, waliovihifadhi waliingizwa katika droo ya zawadi ya pesa kila wiki. Matokeo hayakupimwa kwa maoni bali kwa madai ya bima, na madai yalipungua kwa kati ya nusu na thuluthi mbili.

Utafiti wa pili, uliohusisha magari yapatayo 12,000 na kuchapishwa 2015, ulipata upungufu wa kati ya asilimia 25 na 33. Ni matokeo ya chini kuliko ya kwanza, jambo la kawaida jaribio linapopanuliwa, lakini bado ni makubwa. Kampeni hiyo ikaenea nchini kwa ushirikiano na NTSA chini ya jina "Zusha!". Kwa lugha ya kawaida, mwenye kuzusha ni mchokozi. Ndani ya matatu, neno likageuzwa sifa.

Kazi nyingine ya pamoja ilikuwa ya kuchora ramani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zilizorekodi kila kituo. Ramani ya njia zaidi ya 130 ilitolewa Januari 2014. Data iliachwa wazi kwa umma, na mwaka uliofuata Google ikaingiza matatu za Nairobi katika ramani zake. Huo ni mfano mwema, kwa kuwa aliyetoa maarifa hakutakiwa kuyanunua tena.

Nje ya lami, uchukuzi wa Kajiado ni punda. Ndiye huwabebea akina mama wa Kimaasai maji kutoka visimani, na ndiye hutembea na mizigo jamii inapohama. Shirika la KENDAT la Kenya limekuwa likimtafiti kwa miaka mingi pamoja na mitandao ya kimataifa, ingawa katika mipango ya serikali ya uchukuzi hatajwi sana. Umuhimu wa kumhesabu ulidhihirika vichinjio vya kuuza ngozi yake China vilipofunguliwa kuanzia 2016. Taasisi ya KALRO iligundua kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa hadi mwisho wa 2018, wakati uzazi haukuweza kufidia. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha biashara ya ngozi hizo barani kwa miaka 15.

Kinachosalia ni fedha. Uingereza imepunguza misaada yake tangu 2021, na shirika la Marekani la USAID, lililochangia upanuzi wa "Zusha!", lilisimamisha shughuli zake Julai 2025. Maabara ya serikali ya kupima vifaa vya ujenzi ipo Eneo la Viwandani, Nairobi. Barabara za kupimwa zipo. Aidha, kodi ya ukarabati wa barabara hutozwa kwa kila lita ya mafuta inayouzwa Kitengela, Kajiado na kwingineko nchini.