Kadhi alifikaje Ukambani, na mwaitu atapata nini?

Vijana wa Machakos waliosilimu huniuliza maswali mengi, lakini moja linarudi kila mara: "Mimi Mwislamu, mwaitu bado ni Mkristo. Nikifa leo, yeye atapata nini?" Wengi huambiwa tu, "Enda kwa kadhi." Sawa, lakini huyo kadhi alifikaje huku kwetu, na anaweza kufanya nini?

Wakamba walipeleka pembe za ndovu pwani kabla Mzungu hajajenga kituo Machakos, na misafara ya Waswahili ikapita hapa. Uislamu ulifuata njia hiyo. Kadhi alichelewa. Mkataba wa 1895 kati ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza ulimlinda kwenye ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Mwaka 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana ukanda uwe wa Kenya na kadhi abaki. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ndiyo ilimvusha hadi bara.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kadhi aliletwa na katiba ya 2010, mwambie apunguze moto. Makanisa mengi yalimpinga kwenye kampeni ya kura ya maamuzi, lakini kilichopita Agosti 4 kilikuwa kitu cha zamani chenye mipaka: ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake.

Kuna mwaka mwingine tunausahau: 1990. Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981 ikitaka Wakenya wote wagawe mali kwa kipimo kimoja. Waislamu walilalamika miaka mingi, hadi ikarekebishwa 1990: mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe Kiislamu.

Ushindi mkubwa. Lakini hapo ndipo mwaitu anaachwa nje. Madhehebu yote manne ya Kisunni yanasema asiye Mwislamu harithi Mwislamu. Na hata akitaka kulalamika, kesi yake si ya kadhi, manake yeye si Mwislamu. Yule mama aliyeuza mboga sokoni ukasoma anabaki mikono mitupu, halafu kijiji kizima kinasema dini yako ndiyo imemnyima.

Mimi nasema si dini, ni uzembe wetu. Sheria ile ile tuliyopigania ina wasia. Unaruhusiwa kumuusia mtu asiye mrithi wako hadi theluthi ya mali, na mama Mkristo anaingia hapo. Baada ya gharama za mazishi na madeni, ukiacha shilingi 900,000, mwaitu anaweza kupata hadi 300,000 bila kuvunja sheria yoyote. Ukitaka kumpa ng'ombe au kumjengea nyumba ukiwa hai na afya yako, hakuna anayekuzuia.

Wazee wetu walidai haki hii kwa miaka. Sisi tunaoishi nyumba moja na watu wa dini mbili tunaitumia nusu, tukidhani kifo ni cha wazee.

Andika wasia wiki hii. Tafuta mashahidi wawili, mwone imamu au kadhi akuangalilie hesabu. Halafu mwambie mwaitu, asije akasikia matangani kwamba ulimkumbuka.