Tarehe ya Nyumba ya Danjuro

Mwasisi wa nyumba hii ya waigizaji alizaliwa mwaka 1660 huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Ukoo wa Tokugawa ulikuwa umeshika nchi kwa zaidi ya nusu karne, vita vimekwisha, na samurai waliolelewa kwa upanga wamegeuka makarani wanaolipwa mchele. Chini yao walikuwapo wakulima, mafundi na wafanyabiashara. Waigizaji hawakuwa na daraja lolote humo. Serikali iliwatazama kwa jicho baya: mwaka 1629 iliwapiga wanawake marufuku kupanda jukwaa la kabuki, mchezo wa kuigiza wa Kijapani, na mwaka 1652 ikawaondoa na wavulana, kwa kuwa mchezo na ukahaba vilikuwa vimeshikana. Wakabaki wanaume wazima.

Mwasisi huyo, Ichikawa Danjuro wa kwanza, aliwapa watu wa Edo walichokitaka: shujaa wa mabavu, uso umechorwa mistari myekundu na myeusi, sauti ya kutikisa paa. Mtindo huo huitwa aragoto. Anayeigiza shujaa wa mchezo wa Shibaraku hadi leo huvaa joho la rangi ya udongo mwekundu lenye mikono mipana kama tanga, na juu yake nembo ya nyumba: vibaba vitatu vya kupimia mchele, kimoja ndani ya kingine. Upanga wake hupita mita mbili. Jambo likifika kileleni husimama tuli, akakaza shingo na kukodoa macho hata yakapishana, na watazamaji humpigia kelele, “Naritaya!” Jina hilo linatokana na hekalu la Narita, ambako mwasisi aliomba apate mtoto wa kiume.

Mtoto alipatikana, ila baba hakukaa naye sana. Mwaka 1704 mwigizaji mwenzake alimchoma kisu ukumbini, akafa. Mwana akarithi jina naye hajafika miaka 20.

Danjuro huyo wa pili ndiye wa kwanza kucheza Sukeroku, mwaka 1713. Sukeroku ni mtanashati wa mjini mwenye kilemba cha zambarau, anayezurura mtaa wa starehe wa Yoshiwara akichokoza samurai ili wachomoe panga zao, kwa sababu anatafuta upanga ulioibwa. Sukeroku anampa samurai mmoja tajiri mwenye ndevu nyeupe kiko kwa vidole vya mguu. Baadaye anamwekea kiatu cha mti kichwani. Hebu mfikirie muuza samaki aliyekaa ukumbini, mtu ambaye njiani humpisha samurai huku ameinamisha kichwa. Kumbuka pia kwamba Sukeroku mwenyewe, chini ya kilemba kile, ni samurai wa ukoo wa Soga. Hata katika dhihaka, watu wa mjini hawakuweza kumwacha shujaa wao awe mtu wa mjini tu.

Samurai nao walikwenda kutazama, wengi kwa kificho. Mchezo wao rasmi ulikuwa noh, wa vinyago na mwendo wa taratibu, uliochezwa kwenye kasri za mabwana. Mwaka 1840 Danjuro wa saba akauchukua mchezo mmoja wa noh na kuufanya kabuki, akaupa jina Kanjincho. Mtawa Benkei, akiwa na bwana wake Yoshitsune aliyejigeuza mpagazi, anafika kwenye kizuizi. Anatakiwa asome orodha ya michango ya hekalu, naye hana. Anakunjua karatasi tupu na kuisoma kwa sauti kuu. Mlinzi anapomshuku mpagazi, Benkei anampiga bwana wake kwa fimbo, kosa ambalo kwa samurai halina msamaha. Mlinzi anaelewa yote, na anawaacha wapite.

Miaka miwili baadaye serikali ilimfukuza Edo mwigizaji huyo kwa makosa ya anasa, mojawapo likiwa kutumia deraya za kweli jukwaani. Kumbi za mchezo zikahamishiwa pembezoni, Asakusa. Mwanawe, wa nane, aliyependwa mno na wanawake wa Edo, alijiua Osaka mwaka 1854.

Kisha utawala wa Tokugawa ukaanguka mwaka 1868, na mwaka 1876 samurai wakakatazwa kubeba panga hadharani. Mwaka 1887 Danjuro wa tisa alicheza Kanjincho mbele ya mfalme Meiji, nyumbani kwa waziri wa mambo ya nje, Inoue Kaoru. Watu waliowekwa nje ya daraja zote wakawa walinzi wa sura ya samurai, na samurai mwenyewe hayupo tena. Kwangu mimi hilo ndilo pigo kubwa kuliko kile kiatu cha Sukeroku.

Wa tisa alifariki mwaka 1903 bila mtoto wa kiume. Mkwewe, aliyekuwa mfanyakazi wa benki, akajitosa jukwaani ukubwani. Jina la Danjuro wa kumi alipewa akiwa kaburini. Wa kumi na moja aliasiliwa kutoka familia nyingine ya waigizaji. Novemba 2022, baada ya korona kuahirisha sherehe kwa miaka miwili, Danjuro wa kumi na tatu alitawazwa katika ukumbi wa Kabuki-za, Tokyo, na siku hizo hizo mwanawe akapokea jina la Shinnosuke wa nane.