SOMO LA HISTORIA: FUVU LA OLDUVAI NA UJENZI WA UBONGO

Ninyi wa Singe, pale Babati, safari yetu ya leo yaanzia mlangoni kwenu. Mwalimu awe na chaki tayari, maana iko hesabu ndogo mbele.

Ukitoka kwenu ukashika barabara ya Arusha, ukafika Makuyuni ukapinda kushoto, utapita Mto wa Mbu na Karatu, utapanda Ngorongoro, na ukiteremka upande wa pili utaliona bonde la Olduvai. Wamasai huliita Oldupai, jina la mkonge wa mwitu unaoota pale. Wageni walisikia vibaya, wakaandika walivyosikia. Tarehe 17 Julai, 1959, Bwana Louis Leakey alikuwa amelala kambini kwa homa. Mkewe, Bibi Mary Leakey, akatoka kwenda kutafuta, akaona mfupa umechomoza katika udongo. Lilikuwa fuvu, limevunjika vipande vingi, la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na laki saba iliyopita. Leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Huyo si babu yetu. Ni ndugu wa pembeni ambaye ukoo wake ulikwisha. Nafasi ya ubongo wake ilikuwa karibu sentimita za ujazo 500. Mwaka wa 1960 ikaonekana mifupa ya mwingine papo hapo Olduvai, na mwaka wa 1964 akapewa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi. Wake ulizidi 600. Wako wewe unayenisikiliza ni kama 1,350. Basi ubongo ulikuaje hivyo?

Fuvu haliwezi kujibu. Fuvu ni chungu kitupu; halielezi kilichopikwa ndani. Jibu lilitafutwa kwingine, katika matumbo ya panya wenye mimba.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo vitabu vya siku hizi huziita seli. Ubongo wa mtoto tumboni huanza na seli mama chache. Kwanza kila moja hugawanyika ikawa seli mama mbili. Andikeni ubaoni: 1, 2, 4, 8, 16. Mkizidisha hivyo mara 10 mtapata 1,024. Mara ya 11 mtapata 2,048. Angalieni: zamu moja tu imeongezeka, na hesabu yote imekuwa maradufu.

Baadaye desturi hubadilika. Seli mama hugawanyika, moja ikabaki kuwa mama, nyingine ikashika njia ya kuwa seli ya ubongo. Ninyi wakulima mnalijua jambo hili. Mahindi mengine mnayatunza yawe mbegu, mengine mnayapeleka mashineni. Na unga haurudi kuwa punje. Vivyo hivyo seli ya ubongo iliyokwisha kukomaa haigawanyiki tena.

Nayo haikai ilipozaliwa. Mwaka wa 1961 mabwana wawili wa Marekani, Angevine na Sidman, walitia alama seli za panya wachanga wangali tumboni, wakazifuata. Wakaona zile zilizozaliwa mwanzo zimekaa tabaka la ndani, na zilizozaliwa mwisho zimewapita wakubwa zao zikakaa juu. Ni kama ghala ambalo gunia la mwisho huingizwa kwa chini, likapenya kati ya mengine yote mpaka kileleni! Zinapandaje? Mwaka wa 1972 Pasko Rakic alionyesha kwa kima kwamba hupanda juu ya nyuzi ndefu kama nguzo. Na mwaka wa 2001 ikajulikana kwamba nguzo hizo ni seli mama zenyewe: mama huzaa, kisha mtoto hupanda juu ya mwili wa mama yake. Mimi kila nikilisoma hili hustaajabu upya.

Kwa panya kazi ya kuzaa seli za tabaka hizo huchukua kama siku 6. Kwa kima, kama 60. Kwa binadamu, yapata siku 100. Wataalamu wengi huona kuwa siku hizo zilizoongezeka, na zamu zilizoongezeka pamoja nazo, ndizo zinazotutenga na panya wenye seli za ubongo milioni 71, sisi tukiwa na bilioni 86.

Kazi hii huanza mimba ingali ya majuma machache, mama mwingine hata hajajitambua. Mwaka wa 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, walieleza ugonjwa wa watoto ambao mama zao walikunywa pombe nyingi wakiwa wajawazito. Mtoto mmoja alifariki, na ubongo wake ulipochunguzwa, seli nyingi zilionekana zimepotea njia, zimekaa pasipo pao. Seli iliyokwama hivyo hairudishwi mahali pake baada ya mtoto kuzaliwa. Akina mama na akina baba wa darasa la Singe, lizungumzeni hili redio ikizimwa, na akina baba msiwaachie wake zenu peke yao.

Kazi ya nyumbani: endeleeni kuzidisha kutoka 2,048 mpaka zamu ya 20. Kisha fungueni ramani, mwonyeshe kwa kidole njia ya kutoka Babati mpaka Olduvai. Kwaherini.