Kulegea kwa skrubu na nati za gitaa

Kulegea kwa skrubu na nati za gitaa ni hali ambayo vifaa vidogo vinavyoshikilia sehemu za ala hiyo hupoteza mkazo polepole kwa sababu ya mtetemo, mabadiliko ya unyevu katika mbao na matumizi ya kila siku. Hali hiyo huanza kama kelele ndogo tu. Isiposhughulikiwa inaweza kukata sauti katikati ya onyesho, kuharibu mbao au kuangusha gitaa lenyewe.

Jambo hili lina uzito katika jiji la Dar es Salaam, ambako gitaa ndilo uti wa mgongo wa muziki wa dansi. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na inayojulikana leo kwa jina la Msondo Ngoma, na Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilijengwa juu ya magitaa kadhaa yanayojibizana: solo, ridhim na besi. Kwa miaka mingi vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya chama, shirika au mwenye bendi, si ya mpigaji. Gitaa moja lilipoharibika, kikundi kizima kiliathirika.

## Sababu

### Mtetemo

Nati iliyokazwa haishikiliwi na kitu kingine ila msuguano kati ya hesi zake (mikato ya mzunguko) na hesi za kifaa inachokishika, pamoja na msuguano chini ya uso wake. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba kinacholegeza skrubu zaidi ni msogeo wa kwenda na kurudi kwa upande. Sehemu mbili zikiteleza kidogo tu, msuguano hupungua kwa muda mfupi sana na nati hujizungusha yenyewe.

Katika gitaa misogeo hiyo ni mingi. Uzi wa tano, ukipigwa wazi, hutetema mara 110 kwa sekunde. Kama ungelia mfululizo kwa saa moja, ungetetema mara 396,000. Wanadansi wanaoomba wimbo urefushwe hawajui kwamba wanaiongezea kazi nati ndogo iliyo pembeni mwa gitaa.

### Mbao na hewa ya pwani

Mbao hunyonya unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Dar es Salaam ina mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli kuelekea mwisho wa mwaka, na katikati yake kuna majuma makavu zaidi. Gitaa linalotoka katika chumba chenye kiyoyozi na kuingia ukumbini wenye joto na jasho hupitia mabadiliko hayohayo kwa usiku mmoja. Kila mbao inapovimba na kusinyaa, tundu la skrubu hupoteza ubana wake kidogo. Aidha, hewa ya bahari yenye chumvi huleta kutu. Kutu huweza kugandisha skrubu, lakini pia hula hesi mpaka zisiweze kushika tena.

### Kukaza kupita kiasi

Sababu ya tatu hutokana na mkono wa mtu. Skrubu inayozungushwa kwa nguvu ndani ya mbao hukwangua hesi iliyojichongea. Tangu hapo huzunguka bure, na kadiri inavyokazwa ndivyo tundu linavyopanuka.

## Sehemu zinazolegea mara nyingi

* Nati ya tundu la waya. Tundu hili lina kipenyo cha milimita 6.35 na huvutwa kila waya unapochomekwa, kuchomolewa au kukanyagwa. Nati ikilegea, tundu zima huzunguka ndani ya gitaa na kusokota nyaya zake mpaka sehemu iliyounganishwa kwa risasi inakatika. Matokeo yake ni mngurumo mkubwa au kimya.
* Kitufe cha mkanda. Hubeba uzito wote wa gitaa, ambao kwa gitaa la umeme huwa takriban kilo 3 hadi 4. Kikichomoka, gitaa huanguka na shingo inaweza kuvunjika.
* Vikazio vya nyuzi. Nati au skrubu zake zikilegea, gitaa haliwezi kukaa katika sauti hata likifungwa nyuzi mpya.
* Skrubu za daraja. Nyingine ni ndogo kama punje ya mchele. Zikishuka, uzi hugusa freti na kutoa mlio wa kukwaruza.
* Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti. Nati iliyo chini yake ikilegea, kifaa kizima huzunguka na kuhatarisha nyaya kama ilivyo kwa tundu la waya.

## Namna ya kutambua

Kila kipande kilicholegea hupendelea kutetema kwa kasi fulani. Ndiyo sababu kelele husikika kwenye noti moja na kupotea kwenye nyingine. Mpigaji hupiga noti zote polepole, na kelele ikitokea hugusa kwa kidole kifaa kimoja baada ya kingine. Kile ambacho kikiguswa kelele inakoma ndicho kilicholegea.

## Kinga na matengenezo

Kanuni ya msingi ni kwamba kifaa kinacholegea mara kwa mara hakihitaji nguvu zaidi. Kinahitaji kizuizi kinachofaa sababu yake.

Chuma kwa chuma. Kwa tundu la waya, washa yenye meno huwekwa upande wa ndani ili kuzuia lisizunguke. Wakati wa kukaza, tundu lishikwe lisizunguke huku nati ikizungushwa kwa spana. Kuzungusha nati peke yake ndiko kunakokata nyaya. Kwa skrubu ndogo za daraja, tone dogo la rangi ya kucha kwenye hesi hutosha, na baadaye bado zitafunguka kwa bisibisi.

Ipo pia gundi maalumu ya hesi, iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Krieble mwaka 1953 na kuuzwa kwa jina la Loctite. Hukauka inapobanwa kati ya vyuma mahali pasipo na hewa. Kwa kawaida ile ya buluu hufunguka kwa vifaa vya mkono, lakini nyekundu huhitaji joto kali na haifai kwa gitaa. Isitumike kwenye mbao, na ni hatari kwa baadhi ya plastiki.

Skrubu katika mbao. Tundu lililopanuka hujazwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao. Huachwa likauke kwa siku nzima, vijiti hukatwa usawa wa mbao, kisha tundu jembamba hutobolewa kwa ajili ya skrubu. Kupaka sabuni kavu au nta kwenye skrubu huirahisishia kuingia bila kupasua mbao. Chini ya kitufe cha mkanda huwekwa washa ya kitambaa kizito, ambayo hupunguza msuguano wa mkanda usikizungushe.

Gundi za kukauka papo hapo hazifai. Huharibu rangi ya gitaa, na matengenezo yanayofuata huwa magumu.

## Kupata vipuri

Magitaa mengi ya Marekani hutumia hesi za inchi, na mengi ya Asia hutumia za milimita. Nati za aina hizo mbili hufanana kwa macho lakini haziingiliani, na kulazimisha moja kwenye nyingine huua hesi. Kwa hiyo anayetafuta nati au skrubu katika maduka ya Kariakoo na Gerezani hushauriwa kwenda na ile ya zamani kama sampuli, na kuijaribu kwa vidole kabla ya kulipa. Nati sahihi huzunguka kwa ulaini angalau mizunguko miwili bila spana.

## Vyombo visivyo na skrubu

Udi na fidla za taarabu hushikilia nyuzi kwa vigingi vya mbao vilivyochongwa kama pia, ambavyo husimama kwa msuguano tu. Kigingi kinachoteleza hupakwa chaki, na kinachokwama hupakwa sabuni kavu. Dawa ni tofauti, lakini kanuni ni ileile: kutafuta kiasi cha msuguano kinachofaa, si kuongeza nguvu.

## Tazama pia

* Gitaa
* Muziki wa dansi
* Taarabu
* Udi (ala ya muziki)
* Kariakoo